Gari Lililokunywa Petroli: Mimi na Mama, Nakuru hadi Keringet

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye pale stesheni ananiuliza jambo moja: imekuwaje safari ya maili hamsini hivi ikanichukua siku tatu? Wengine mmesikia kwamba niliuza gari njiani. Wengine mmesikia kwamba Mama alinikimbia akapanda treni kurudi Maragoli. Hakuna lililo kweli, ingawa yote mawili yalikaribia kutokea. Nimeona heri niandike mara moja, kila mtu asome mwenyewe. Habari za ruhusa ya kazini na vibali vya njiani naziacha, maana hakuna asiyezijua kati yenu.

Kwanza niwaeleze kwa nini tulikuwa tunaenda. Dada yangu Dorika aliolewa Keringet na Kipkemoi, Mkipsigis anayechunga ng'ombe wa maziwa na kulima kidogo. Waliondoka pamoja bila mzee yeyote kuja kwetu kuomba. Baadaye wazee wa Kipkemoi walikuja, na ng'ombe wakaletwa, lakini Mama alijifungia jikoni mpaka wageni wakaondoka. Kwa miaka sita hakulitaja jina la Dorika. Kisha mwaka huu ikafika barua kwamba mtoto wa tatu ni msichana, na amepewa jina la Mama. Niliisoma barua hiyo mara mbili mbele yake. Akaenda kukama mbuzi, akarudi na kusema, "Nitakwenda mara moja tu. Kama Mungu hataki nifike, atanionyesha njiani."

Nawaomba mlikumbuke neno hilo. Kwa Mama, gari likizima, si gari lililozima. Ni Mungu amesema.

Nakuru hadi Njoro

Gari langu mnalijua, lile jeusi la zamani. Tangu nilinunue lilikuwa na tabia mbili. Lilikunywa petroli kama ng'ombe aliyelamba chumvi, na kuliwasha kulikuwa kazi ya kutoa jasho. Fundi mmoja wa mtaani alikuwa ameniambia shida ni betri. Nikabadilisha betri, na tabia zikabaki pale pale.

Lakini asubuhi ile liliwaka kwa mguso mmoja. Mama, aliyekuwa ameshuka kwenye treni siku iliyotangulia, alikaa kiti cha nyuma na kikapu chenye kuku wawili mapajani, akasema, "Kumbe ni zuri." Nilijisikia mtu mkubwa. Tulipita mashamba ya ngano, upepo unaingia dirishani, Mama akiniuliza kila shamba ni la nani na kwa nini mtu mmoja anahitaji ardhi mpaka upeo wa macho.

Njoro tukasimama kununua mahindi ya kuchoma. Tulikula taratibu, tukanunua na mengine ya njiani. Niliporudi kuwasha, stata ilizunguka weee, injini haikushika. Nikatoa ule mkono wa chuma, nikazungusha mbele ya gari mpaka bega likawaka moto. Harufu ya petroli ilikuwa kali hadi kuku wakaanza kukohoa, au ndivyo Mama alivyosema.

Dereva wa lori la pareto akashuka kutusaidia. Alikuwa mtu mpana, mwenye kofia ya sufu na sauti ya kanisani. "Hii ni petroli chafu," akasema kwa uhakika. "Imechanganywa na maji. Weka nyingine, hii itapotea yenyewe." Nikaongeza petroli. Yeye na wenzake wawili wakatusukuma mpaka injini ikashika kwa kishindo na kutoa moshi mweusi uliowafunika wote watatu. Walicheka huku wakijipangusa, wakatupungia mikono kama waliotuoza. Sikuwahi kujua majina yao.

"Watu wazuri," Mama alisema. Mbele kidogo akaongeza, "Lakini gari limekataa mara moja."

Alikuwa anahesabu.

Njoro hadi Elburgon

Mvua ilitukuta kwenye mlima. Barabara ikawa uji, nami nikaenda polepole kwa gia ndogo. Kadiri tulivyopanda ndivyo injini ilivyozidi kukohoa na moshi ulivyozidi kuwa mweusi. Tukakwama kwenye tope, nikazima gari ili nikate matawi ya kuweka chini ya magurudumu. Nilipomaliza, likakataa tena. Tuliketi ndani tukila mahindi yaliyopoa, mvua ikipiga bati la juu. Baada ya muda mrefu sana nilijaribu bila matumaini, na likawaka mara moja kama gari ambalo halijawahi kuwa na kosa. Sikuelewa. Leo naelewa, na naona haya kwamba jibu lilikuwa mbele yangu.

Tulifika Elburgon jua likishuka, tukaenda moja kwa moja kwa Mzee Lugalia, mtu wa kwetu anayefanya kazi kwenye kiwanda cha mbao na ni shemasi wa kanisa letu. Hakuwa na habari kwamba tunakuja. Alitoka na kijiko bado mkononi, akapiga kelele za furaha, na chakula cha watu wanne kikawa cha watu sita bila mtu kulalamika: ugali wa wimbi, kunde zilizotiwa maziwa, na uyoga wa msituni. Mama alikula akasahau kukasirika.

Kabla giza halijaingia, mzee alimwita mwenzake anayetunza injini ya msumeno. Huyo akafungua plagi zote nne na kunionyesha. Zilikuwa nyeusi kama sufuria ya jandoni, masizi makavu yanayoacha alama kidoleni. "Na plagi kama hizi moto utatoka wapi?" akauliza. Akazisugua kwa brashi ya waya mpaka zikang'aa. Injini ikanguruma vizuri. Nikamshukuru, nikamshukuru na Mungu, nikalala kama mtoto.

Asubuhi nilipima petroli kwa kijiti ninachotumbukiza tangini, nikakuta tangi karibu limekauka. Nitaungama jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilimshuku Mzee Lugalia. Nilimtazama akimfungia Mama viazi vya njiani, nikawaza, huenda kuna mtu wa nyumba hii aliyenyonya petroli yangu nikiwa nimelala. Sikusema neno, lakini nilimuaga bila uchangamfu, naye alibaki mlangoni akiwa na uso wa mtu anayejiuliza amekosa wapi.

Elburgon hadi Molo

Nilinunua petroli nyingine, tukaanza kupanda kwenda Molo. Huko juu baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Kondoo wamejaa kila mahali, na ukungu unatembea juu ya mashamba ya pareto kama shuka linaloburutwa. Ni nchi nzuri ajabu. Mama aliyejifunika blanketi mpaka puani alikiri hivyo, kisha akasema, "Mtoto wangu anaishi kwenye baridi hii."

Nusu ya njia plagi zilikuwa zimeshakuwa nyeusi tena. Nilijua kwa jinsi gari lilivyoanza kurukaruka. Tuliingia Molo likitoa moshi kama garimoshi, na likazimika lenyewe karibu na stesheni, mbele ya kibanda cha mabati.

Wakati ule ule tukasikia honi ya treni kwa mbali upande wa Elburgon, bado ina mlima mrefu wa kupanda. Mimi ni mtu wa reli. Nilijua ni treni gani na inakwenda wapi. Mama pia alijua, maana ndiyo ingempeleka Kisumu, na kutoka Kisumu kwetu ni karibu.

"Mara ya tatu, Ezekieli," alisema, akaanza kukusanya kikapu chake. "Mungu amesema mara tatu. Nipeleke kwenye treni."

"Mama, ni gari tu limeharibika."

"Na nani ameliharibu?"

Nikamwahidi kwamba treni ikifika nitampeleka, nikaingia kwanza kibandani kuomba msaada.

Kibandani Molo

Ndani ya kibanda alikuwako mzee mwembamba mwenye koti la jeshi lililochakaa, amepakata kopo kubwa la maziwa kama mtoto, anaziba tundu kwa lehemu. Jina lake ni arap Tonui, Mkipsigis kama Kipkemoi. Kazi yake ni kuziba vitu: makopo ya maziwa, taa za mafuta, birika, mabomba ya maji ya ng'ombe. Alinisikiliza, akatikisa kichwa.

"Mimi si fundi ya gari," akasema. "Hata kuendesha sijui."

Nikageuka kwenda. Akaniita.

"Ngoja. Inakataa ikiwa baridi, ama ikiwa moto?"

Nikasimama. Fundi wa betri hakuniuliza hivyo, wala dereva wa lori, wala yule wa msumeno. Nikaanza kukumbuka. Nakuru asubuhi, mara moja. Njoro, baada ya kula tu, ikakataa. Kwenye mvua, ikakataa, na tulipokaa mpaka injini ikapoa, ikawaka.

"Ikiwa moto," nikasema. "Ikiwa baridi haina shida."

"Na petroli inanuka?"

"Inanuka sana."

"Na plagi?"

"Nyeusi, kavu."

Akaweka kopo chini. "Basi haina njaa. Imeshiba sana. Inakunywa mpaka inatapika." Akalizunguka gari akiwa ameweka mikono mgongoni, kama mtu anayenunua ng'ombe. "Kuna mahali pa kufunga petroli, na hapafungi. Iko wapi?"

Nikafungua boneti, nikamwonyesha kabureta. Aliitazama kwa muda mrefu bila kuigusa, akafuata kwa kidole bomba linaloleta petroli. Kisha akaniuliza kama namruhusu afungue. Alifungua kwa utaratibu, kila skrubu akaiweka kwenye kitambaa kwa mpangilio wa kutoka kwake. Petroli iliyokuwamo akaimimina kwenye kikombe cha bati, akaenda kukiweka nyuma ya kibanda, mbali na moto wake wa makaa.

Hapo ndipo Mama alipopasuka. Alikuwa ameshuka garini na kikapu chake, tayari kwa treni, akaona mtu asiyemjua anaondoka na petroli yetu kwenye kikombe.

"Mwizi!" akapaza sauti kwa Kiswahili, ili asikike. "Ezekieli, umelala? Ndio hawa hawa! Walichukua mtoto, sasa wanachukua na petroli!"

Watu wakasimama. Uso wangu uliungua. Nilijua pia kwamba asubuhi ile nami nilikuwa na neno lile lile moyoni, kwa mtu aliyenilisha, nikalinyamazia kwa sababu tu sina ujasiri wa Mama.

Arap Tonui hakukasirika. Alirudi akiwa ameshika kitu kidogo cha shaba, mviringo, mfano wa kopo dogo lililofungwa pande zote. "Mama," akasema, "kwenye hori la ng'ombe kuna boya. Maji yakijaa, boya linapanda, linafunga bomba. Hii ni boya ya petroli. Boya lazima iwe na hewa tu ndani. Mimi masikio yangu ni ya uzee. Nisaidie kusikiliza."

Akampa kwa mikono miwili.

Mama alikipokea kwa hasira, kwa sababu mtu akikupa kitu kwa mikono miwili huwezi kukataa. Na mikono yake ikafanya yenyewe kazi inayoifanya kila siku ya soko. Mama anauza mayai. Alikipeleka kile kiboya sikioni, akakitikisa mara moja, mara mbili. Nikaona macho yake yakibadilika.

"Hili ni viza," akasema.

"Umesikia?"

"Linacheza ndani. Lina maji. Yai kama hili siwezi kumuuzia mtu."

Arap Tonui akacheka mpaka akashika ukuta. "Umemaliza kazi, Mama. Mimi nilitaka kusema hivyo kwa maneno mia moja."

Alitueleza huku akitafuta vifaa. Boya limetoboka, petroli imeingia ndani, limekuwa zito. Haliwezi tena kupanda vizuri na kufunga njia, kwa hiyo petroli inamiminika kupita kiasi. Ndiyo maana gari linamaliza tangi. Ndiyo maana plagi zinaoza kwa masizi. Na ukilizima likiwa moto, petroli inaendelea kufurika ndani, injini inalewa, haiwaki mpaka ikauke. Mtu ambaye hajawahi kushika usukani alikuwa amenieleza gari langu kuliko nilivyowahi kulielewa.

"Petroli yenu iko pale nyuma ya kibanda," akamwambia Mama kwa upole. "Niliitoa kwa sababu ya moto."

Mama alitazama chini. Sijawahi kumwona Mama akitazama chini.

Mke wa arap Tonui alikuwa amebandika maji ya chai. Mzee akaomba sufuria, akaiweka chini mbali na jiko, akatumbukiza boya kwenye maji moto. Sote tukainama. Kutoka kwenye mshono mmoja vikatoka vipovu vidogo, kimoja kimoja, kama samaki anapumua. Tundu lenyewe lilikuwa dogo kuliko ncha ya sindano. Akalirudisha kwenye maji moto tena na tena mpaka vipovu vikaisha na Mama akathibitisha kwa sikio lake kwamba ndani hamna kitu. Ndipo akalikausha, akapasha chuma chake kwenye makaa, akagusa tundu kwa tone moja la lehemu. Moja tu. "Ikizidi, boya itakuwa zito tena," alisema. Alilisugua tone hilo kwa msasa likawa jembamba kama ukucha.

Katikati ya kazi hiyo treni iliingia stesheni. Tuliiona kutoka pale tulipokuwa, mabehewa, watu wakishuka na kupanda. Nilisimama nichukue kikapu cha Mama. Ahadi ni ahadi.

"Unakwenda wapi?" akauliza.

"Treni, Mama."

"Nyamaza kwanza, mzee anafanya kazi." Hata hakugeuka. Treni ikapiga honi, ikaondoka kwenda Kisumu, na boya lilikuwa bado mikononi mwa arap Tonui. Gari lilikuwa bado limefunguliwa vipande. Hakuna aliyejua kama litawaka. Ndiyo maana nasema kwamba Mama aliamua kabla Mungu hajasema mara ya nne.

Lilipofungwa, mzee aliniambia niliwashe, nilipashe moto, nilizime, kisha tunywe chai. Ilikuwa chai nzito, ya maziwa matupu, na mkate wa kuchoma. Nilikunywa bila kuionja. Tulipomaliza nikaingia garini. Liliwaka kwa mguso mmoja, moto vile vile, na moshi wake ulikuwa mwepesi kama wa sigara.

Mama alimtoa kuku mmoja kikapuni, akampa mke wa arap Tonui. Kisha akamkabili mzee mwenyewe. "Nilikuita neno baya mbele ya watu," akasema kwa sauti ile ile aliyotumia kupiga kelele, ili wale wale wasikie. "Nimekosa."

"Mama akitetea mali ya mtoto wake hajakosa," arap Tonui akajibu. "Mnakwenda wapi?"

"Keringet. Kwa binti yangu. Ameolewa na watu wenu."

"Basi laleni hapa. Jioni barabara ile ni ya ukungu. Na mkifika, msiogope mkiona watu wananyamaza. Sisi tukifurahi sana, tunanyamaza kwanza."

Molo hadi Keringet

Siku ya tatu tulikwenda kama watu wengine wanavyokwenda. Nilisimama makusudi mara mbili, nikazima, nikawasha, kwa raha tu. Nilipopima kwa kijiti petroli ilikuwa imeshuka kidogo sana. Nilikata shauri kwamba nikirudi nitapitia Elburgon, na nilipitia. Nilimwambia Mzee Lugalia wazi nilichowaza juu yake. Akasema, "Kumbe ndiyo sababu uliniaga vile? Mimi nilidhani ugali haukuiva," kisha akanilazimisha kula tena.

Keringet ni vilima vya kijani vinavyoshikana, na moshi mweupe unatoka kwenye paa za nyasi. Dorika alikuwa amesimama njiani na mtoto mgongoni. Alipoliona gari alikimbia, kisha akasimama ghafla kama aliyekumbuka jambo. Mama aliteremka.  Dorika alimfungua mtoto mgongoni, akamweka mikononi mwa bibi yake, na wote wawili wakalia bila sauti. Mimi nilikwenda kukagua tairi ambazo hazikuwa na shida.

Kisha tukaelekea nyumbani, na hapo mambo yakaharibika. Kipkemoi alikuwa amesimama uani, amevaa shati safi. Alipomwona Mama aligeuza uso, akatoka, akaenda kusimama nyuma ya zizi akitazama bondeni. Mama naye, papo hapo, akajifunika kitambaa usoni, akageuka kuangalia ua. Wakabaki hivyo, kila mmoja akimpa mwenzake mgongo. Nikasikia Mama akinong'ona, "Umeona? Hanitaki." Nikaenda nyuma ya zizi kumsalimu shemeji, naye akaniuliza kwa huzuni, "Mama bado amekasirika? Amefunika uso."

Nilimwita Dorika. Alitazama huku, akatazama kule, akaanza kucheka huku machozi bado yako mashavuni.

"Mama, kwa nini umefunika uso?"

"Nifanyeje? Yule ni mkwe. Nimtazame usoni kama mtu asiye na adabu?"

"Na yeye, unadhani kwa nini amekimbilia zizini? Huku kwao pia mtu hamkodolei macho mama mkwe. Ameniuliza wiki nzima asimame wapi ili usije ukaona amekudharau."

 Mama alikuwa na mtoto mkononi, yule mwenye jina lake, na mtoto alikuwa amekishika kile kitambaa. Kwa miaka sita alikuwa ameamini kwamba binti yake ameolewa na watu wasiojua heshima.

Wasichana wa jirani walileta kibuyu cha mursik, yale maziwa yao yaliyolala kwenye kibuyu kilichosafishwa kwa mkaa wa mti, na Mama akapewa wa kwanza. Alinusa, akaonja, akafikiri, akameza mpaka mwisho. Kisha, bila kugeuka, bila kuondoa kitambaa usoni, akapaza sauti ili ifike nyuma ya zizi.

"Ezekieli, mwambie mkwe wangu asisimame kwenye baridi. Aingie kwake. Mimi nitageukia ukuta."

Nilipoondoka siku iliyofuata nilikuta kikapu chake kimetundikwa ukutani, mahali pa vitu vya nyumba. Nilimuuliza nije kumchukua lini. Akasema mtoto anaota meno, nisimharakishe.

Gari niliendesha peke yangu mpaka Nakuru.